Mashine Nyeusi Bado Ipo Kwangu

Murtaza, jirani yangu wa ukuta mmoja,

Nianze na ugomvi, maana nikianza na salamu mie na wewe tutajiona wageni. Mashine yako nyeusi ya gemu ilikuwa bora kuliko yangu nyeupe. Haya, nimesema. Utoto wetu wote uliisubiri kauli hiyo. Ulinibana darasani, ukanibana njiani, ukanitaka niape, nikakataa katakata kama mwizi aliyekutwa na kuku kwapani. Leo naisema mwenyewe bila kubanwa, na wewe ndiyo huwezi hata kunicheka. Sina raha nayo kabisa.

Ila usivimbe kichwa. Tuzilinganishe kwa haki, kama tulivyokuwa tunafanya pale Mtoni kwenye ngazi za duka la baba yako, miguu tumeiweka juu ya maboksi ya misumari. Yangu ilikuwa ya kuiga, nyeupe yenye mistari myekundu, na nusu ya mtaa ilikuwa nayo kama hiyo. Kwa hiyo kaseti zilizunguka nyumba hadi nyumba kama kinu cha kuazima. Kaseti imeandikwa ina gemu mamia, ukiichomeka unakuta ni zile zile saba, zimebadilishwa majina na rangi ya anga. Siku ulipogundua ulicheka mpaka ukakaa chini. "Deo, huu utapeli wa wazi!" Mie nikashikilia tu: "Huo unaitwa uchaguzi, kaka." Ya kwako mjomba wako aliileta kutoka Dubai, nyeusi tii, nzito, ina kaseti nne tu na gemu moja iliyokuwa ndani kwa ndani, hata bila kaseti inawaka. Na rangi zake sasa! Bahari ya kwako ilikuwa na mawimbi. Bahari ya kwangu ilikuwa mstari wa buluu. Lakini nani angekuazima kaseti, Temeke nzima? Hakuna. Mama yangu siku moja alizitazama zote mbili, akasema kwa ile sauti yake ya ualimu, "Hii nyeusi ni mgeni wa heshima. Hii nyeupe ni mtoto wa nyumbani." Tukabishana wiki nzima kauli ile ilimpa nani ushindi.

Halafu kulikuwa na ishu ya pedi, zile za kushika mkononi ukicheza. Kwenye yangu, pedi ya kwanza tu ndiyo iliyokuwa na kitufe cha kusimamisha gemu. Ya pili haikuwa nacho. Mashine yangu, pedi ya kwanza yangu, wewe chukua ya pili. Nilikuwaga nakustopishia ukiwa hewani, katikati ya kuruka, ili nikiachia upoteze hesabu, uanguke shimoni. Ulikuwa unabonyeza vitufe vyote vya pedi yako, na hakuna kinachotii. "Acha hizo, Deo! Mie sina cha kubonyeza huku!" Nami nacheka. Kwenye yako pedi zote mbili zilikuwa sawa, na kitufe cha kusimamisha kilikuwa juu ya mashine yenyewe. Anayetaka kusimamisha anainuka, anakwenda, anabonyeza. Nikasema huo ni ujinga wa kiwandani. Ukanijibu, "Si ujinga. Ni ili mwenzako akuone unainuka." Ulikuwa na miaka kumi na moja, na tayari ulikuwa unaongea kama kadhi.

Unaikumbuka ile hamahama? Nikiwasimulia wanangu wanadhani natunga. Mwezi wa Muharram ukiandama, nyumba yenu ya Kishia iliingia maombolezo ya miezi miwili na siku nane. Hakuna muziki, hakuna harusi, TV inafunikwa shuka. Na kwetu, Kwaresima ikifika, Mama alifuta kila kinachoitwa mchezo kwa siku arobaini, maana alikuja na Ukatoliki wake kutoka Songea kama alivyokuja na sufuria zake. Mama zetu wakaongea juu ya ukuta wa uani, wakakubaliana kwamba mashine haiwezi kukaa ndani ya nyumba inayojizuia, itakuwa majaribu. Basi ukifika Muharram, wewe ulikuwa unaniletea nyeusi, umeifunga kwenye kanga kuukuu, unasimama mlangoni na kusema neno moja: "Amana." Mama anajibu, "Imefika." Jumatano ya Majivu mie ndiye niliyebeba nyeupe kwenye kikapu kuja kwenu. Mwaka wa kwanza mama yako aliona majivu kwenye paji la uso wangu, akasema, "Yallah, mtoto huyu kaanguka wapi?" na akachukua ncha ya mtandio anifute. Wewe ukapiga kelele, "Mama acha! Ndiyo ibada yao hiyo!" Aliniomba radhi kwa kashata tatu.

Na mwenye kutunza aliruhusiwa kucheza. Hilo nalo lilitoka kwa Mama: "Mashine haifungi. Anayefunga ni mwenyewe." Ila ukuta ulikuwa mmoja, na upande wa pili mko kwenye msiba, kwa hiyo alipunguza sauti ya ile TV yetu ya chogo mpaka mwisho, akabandika plasta ya kidonda juu ya kitufe cha sauti ili nisijisahau. Miaka ile yote nilicheza gemu yako kimya kimya kama kiziwi. Kesho yake shuleni, kabla hata hujaweka mfuko chini, unaniuliza, "Umefika wapi?" Nikikwambia nimefika mbali unaumia, nikikwambia nimekwama unanihurumia. Kwaresima mambo yanageuka, mie ndiye wa kuuliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiri kwamba anafurahia mashine ya mwenzake.

Sasa ukaja mwaka ule. Muharram husogea nyuma kila mwaka, ikafika zamu yake ikaikuta Kwaresima katikati. Nyumba zote mbili zikajizuia kwa pamoja, na mashine zikakosa pa kwenda. Mama zetu walisimama kwenye ukuta wakatazamana, kila mmoja anangoja mwenzake aseme. Baba yako ndiye aliyemaliza ubishi. "Ziwekeni stoo ya duka, nazo zifunge." Zikaingia boksi moja, nyeusi chini, nyeupe juu, na adapta zote mbili zikatupiwa humo humo. Adapta zile, Murtaza. Zote nyeusi, zote na plagi ile ile. Miaka yote kila mashine ilisafiri na ya kwake, hakuna aliyewahi kuwaza kuziweka alama.

Pasaka ikafika, kwenu maombolezo bado. Ukanibebea boksi zima mwenyewe, ukasema "Amana," Mama akasema "Imefika." Jumatatu ya Pasaka mchana nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikaitoa nyeusi kwanza. Ndiyo, ya kwako kwanza, siyo yangu, na hapo peke yake ungekuwa umeshinda ubishi wote. Nikachukua adapta iliyokuwa karibu na mkono, nikachomeka. Taa iliwaka mara moja kwa nguvu, ikazimika, ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua. Nilipepea na daftari la hesabu. Nikachomeka adapta nyingine, wapi. Nikaipiga mgongoni, nikaiombea, nikaahidi vitu kwa Mungu ambavyo mtoto wa umri ule hana. Baadaye sana fundi mmoja akanieleza kwamba ya kwako inataka hasi katikati ya plagi na ya kwangu ilitoa chanya. Mie nilikuwa najua tu kwamba nimeiua amana.

Jumanne shuleni ukaja mbio. "Umefika wapi?" Nilikuwa nimepanga kusema ukweli, haki ya Mungu nilikuwa nimepanga. Kinywa kikafunguka chenyewe, kikasema, "Nimemaliza."

Ulinishika mabega. Hakuna mtu aliyewahi kumaliza gemu ile ya ndani kwa ndani, hata mjomba wako. Ukanitaka nikuhadithie, na mie nikahadithia, jamani, nilihadithia mpaka kengele ikalia. Nikakwambia mwisho kabisa kuna mlango wa dhahabu. Kwamba ukiupiga haufunguki, ukiusukuma haufunguki, mpaka uache kupigana, ukae chini. Ukikaa tu, unafunguka wenyewe, na ndani wapo wote uliowapoteza njiani, wanakungoja, na muziki unapigwa. Ukauliza, "Muziki gani?" Nikasema, "Sijui. Si tumezima sauti?" Ulikubali hilo zaidi ya yote. Ukasema mashine ikirudi utakwenda moja kwa moja mpaka huo mlango, na sauti utafungulia mpaka mwisho.

Haikurudi. Karatasi zenu za Kanada zilitoka ghafla, mkaambiwa mwende, na maombolezo yamebaki siku nane. Ulikuja kuaga na shati lako jeusi. Nilikuwa nimeifunga kwenye ile kanga, nimeikumbatia, naomba uichukue, uiwashe, unishike, unipige, yaishe. Ukatazama fundo la kanga, hukuligusa. "Bado siku nane," ukasema. "Siwezi kuichukua kabla. Ikae, nitaifuata." Mama akakushika kichwa akakubariki, na wewe ukasema "Shikamoo Mwalimu" kwa mara ya mwisho. Na mie nikafurahi. Usikie vizuri hapo: rafiki yangu wa pekee aliondoka, nikabaki nyuma ya mlango nafurahi kwamba sijakamatwa.

Miaka ikaenda. Tukapatana kwenye simu, ukaoa, nikaoa, tukatumiana picha za vitambi. Kila mara ulimalizia na utani ule ule. "Mashine yangu?" Nami najibu, "Ipo." Sikudanganya, ipo. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, na mie niliuficha mpaka ukaota mvi.

Kisha dada yako Sakina akapiga. Nilijua kabla hajasema, maana alianza na "Deo, umekaa au umesimama?" Uvimbe ndani ya kichwa, na mahali pabaya, madaktari wa huko na mashine zao zote wanasema hapaguswi, ni kungoja tu. Akasema majina ya watoto wako yanakupotea, mwaka unakupotea, nyumba unayolala unaiita hoteli. Lakini kila asubuhi ukiamka unauliza swali moja: "Siku nane zimeisha? Nani kaenda kwa Deo kuchukua?" Wanakwambia kesho. Asubuhi inayofuata unauliza tena.

Nilitoka nayo siku hiyo hiyo. Fundi wa kwanza pale Temeke aliifungua akaifunga. Wa pili akakaa nayo wiki, akanipigia simu kwa furaha kwamba taa inawaka, nikaenda mbio, kweli taa inawaka, picha hakuna. Wa tatu, mzee wa redio huko Vingunguti, alivua miwani kabisa. "Mwanangu, kilichoungua ni ubongo wake. Hicho hakipatikani tena, hata ukizunguka Kariakoo mpaka viatu viishe." Nikamwambia mzee wangu, tafadhali, tumia neno jingine. Hakunielewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Nikaomba viza nije mwenyewe. Nimenyimwa. Nikaomba tena, nikanyimwa tena. Nikanunua kimashine cha siku hizi, kidogo kama sabuni, chenye gemu zote za nyeusi na za nyeupe ndani yake, ugomvi wetu wote umeingia kwenye kiganja. Nikaicheza ile gemu yako, nikarekodi video, nikamtumia Sakina akuonyeshe, nikijiambia hutajua. Ulitazama sana, anasema. Kisha ukasema, "Hiyo siyo. Kitufe chake cha juu kiko wapi?" Mtu anayesahau jina la binti yake! Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu sebuleni, halafu nikalia mpaka mke wangu akaja kuuliza nani amefariki.

Na wiki iliyopita tukaonana kwenye simu. Sakina alishika, ukanitazama. Mie nina mvi sasa, na kipara kimeanza. Ukanyoosha mgongo kitandani kama ulivyokuwa unafanya mlangoni kwetu, ukasema kwa adabu, "Shikamoo."

Murtaza, wewe umenizidi miezi minne.

Nikajibu, "Marahaba." Ningefanya nini?

Ukasema, "Deo yupo? Nimekuja kuchukua mashine."

Nikasema, "Ametoka kidogo, mwanangu." Ukatikisa kichwa, ukasema basi utangoja. Na ukangoja kweli. Ulikaa ukinitazama pale kwenye simu kama mtu aliyepewa kiti, mpaka Sakina akaikata maana na yeye alishindwa.

Baadaye akanipigia mwenyewe. Akasema kuna jambo moja linalokutuliza, unawasimulia wanao habari za mlango wa dhahabu, kwamba mtu akiacha kupigana akakaa chini unafunguka, na wote wapo ndani. Akauliza, "Deo, hiyo ndiyo gemu yenyewe? Ndivyo inavyoisha kweli?" Nikasema, "Ndivyo." Uongo wa mtoto aliyekuwa anaogopa kipigo, na leo wanao wanausikiliza kama mawaidha. Simu hii niliyoshika inaweza kunionyesha mwisho halisi wa gemu ile, yupo mtu mahali fulani ameimaliza na kuiweka watu waone. Sijafungua. Naogopa nitakuta ukuta mtupu na maneno mawili ya pongezi.

Kwa hiyo hali ndiyo hii. Siwezi kuitengeneza, siwezi kuja, siwezi kukudanganya, na ukweli sijui kama unakufaa. Nakumbuka ulivyokuwa unabonyeza ile pedi ya pili, vitufe vyote, kwa nguvu zako zote, na gemu inakwenda inavyotaka. Nilikuwa nacheka. Sasa ninayo mie hiyo pedi, na vidole vinaniuma.

Amana hurudishwa hata ikiwa imevunjika, Mama angesema hivyo angekuwa hai. Jamaa yenu mmoja wa Upanga anasafiri kuja huko Alhamisi, nimempa mashine. Iko kwenye kanga ile ile, fundo nimelifunga kama ulivyokuwa unalifunga. Haitawaka. Niliiunguza mie, Jumatatu ya Pasaka, kwa adapta yangu, nikakuficha miaka yote hii, na ninakuomba radhi. Lakini kitufe cha juu ni kizima, nimekijaribu asubuhi hii, kinabonyea na kurudi kama siku ilipotoka Dubai.

Sakina dada yangu, wewe ndiye utakayemsomea. Ukifika pale pa mlango wa dhahabu, ruka au usiruke, mie nimeshindwa kuamua. Mwekee mashine karibu na mkono. Mwambie siku nane zimeisha. Na mwambie asiendelee kungoja kitini, Deo amerudi.

Jirani yako wa ukuta mmoja,
Deo, niliyekuwa nimetoka kidogo